Pasi ya Mkaa

Umeme umekatika tangu alfajiri,
naipuliza pasi ya mkaa kibarazani,
kota za polisi, Barabara ya Kilwa,
na jirani ananicheka: shemeji, umekuwa dobi?
Leo ni dobi.
Kesho nitarudi Kariakoo kwenye saa zangu zilizokufa.
Leo sare ya mke wangu lazima isimame yenyewe
kama mtu aliyeitwa jina.

Mfuko wa kulia haukubali kunyooka.
Nimeufua mara nne, bado una kivuli cha tope,
tope la Msimbazi, la usiku ule wa Aprili
mto ulipokataa kitanda chake
ukaja kulala vitandani mwa watu, Kigogo.

Hajanisimulia. Ninayoyajua nimeyaokota
kwa wenzake, kwa mama mmoja aliyetuletea kuku,
kwa usingizi wake mwenyewe unaosema ovyo:
kwamba kamba ilikuwa fupi,
kwamba walifunga mikanda yao mitatu kuirefusha,
kwamba Konstebo Lukelo, mtoto wa Makambako,
asiyejua kuogelea ila kwa utani wa kambini,
alitangulia kwa kuwa ndiye mrefu.
Watoto wawili juu ya bati. Bibi mmoja.
Na mbuzi, wanasema, na mbuzi naye alipona.

Lukelo alipatikana siku ya tatu, karibu na Daraja la Salenda,
saa yake bado inatembea.
Waliniletea niitazame.
Sikuwa na la kutengeneza.

Kurasini, uwanjani, jua halijui cheo.
Msemaji anasoma: bila woga wala kusita.
Namwona Koplo Sikudhani Mbwiga
anakaza taya kama anayetafuna mchanga.

Nami nikiri: nimewahi kuitukana sare.
Buguruni, kwenye taa, nguo nyeupe ilinisimamisha
ikaniuliza leseni, jicho liko mfukoni mwangu.
Mjini hapa nani hana kisa cha namna hiyo?
Sijakisahau, na nishani haikifuti.
Lakini usiku ule waliosikia mayowe walikuwa wengi,
walioingia majini walikuwa watatu.

Mama Lukelo ameitwa. Amevaa sweta.
Sweta, Dar es Salaam, mwezi wa kumi na mbili,
na hakuna aliyethubutu kumwambia avue.
Akapokea kijisanduku kwa mikono miwili,
akakifungua,
akakifunga,
akauliza, na kipaza sauti kikamsikia:
"Na soksi zake mlizipata?
Zile nilizomfumia?"

Bendi ilisahau zamu yake.
Mzee mwenye nyota nyingi mabegani
alitazama viatu vyake kwa muda mrefu,
kisha akasema, polepole, si kama mkubwa wa mtu:
"Hapana, mama. Moja tu."
"Basi nipeni hiyo moja."

Usiku Sikudhani ameketi ukingoni mwa kitanda,
sare imeanguka magotini, mikunjo yangu yote imeharibika.
"Wameandika bila woga," anasema.
"Niliogopa mpaka kwenye meno.
Mkanda ulikuwa unateleza, nikawa nauhesabu vidole,
kidole, kidole, kidole.
Yule mtoto alinishika sikio. Hakuniachia.
Mwambie mtu yeyote atakayekuuliza:
niliogopa, na nilishika."

Sikumjibu. Nilimletea chai.
Alikunywa nusu, akalala na viatu.

Sasa kunakucha, na upande wa Pugu
mawingu yamejipanga bila amri ya mtu.
Zamu yake inaanza saa kumi na mbili.
Anainama chini ya kitanda, anavuta mfuko wa salfeti:
kamba mpya, mita hamsini, ya manila,
kaikunja mwenyewe vizuri kuliko nilivyokunja shati.
Kanunua kwa mshahara wake, dukani mtaa wa pili na kibanda changu,
akapita bila kunisalimu.

Risiti kanionyesha.
Nishani bado hajanionyesha.